UZI: "Huyo si mtoto halali wa mzee." Somo la Seyyid Barghash, mwana wa suria aliyeasi akashindwa

1/ Kila siasa zikianza kunoga, kuna hoja moja hurudi kama mvua ya masika. "Huyo si mtoto halali wa mzee." Au, "Mama yake aliletwa tu hapa." Au ile nyingine, "Kwani kwao ni wapi?" Hapo bajeti inasahaulika, barabara inasahaulika, watu wanabaki kuuliza nani alizaa na nani. Leo tuongee hiyo hoja. Sitamtaja mwanasiasa yeyote wa leo wala chama chochote. Nitawapeleka Zanzibar, mwaka 1859.

2/ Mimi ni wa Sondu, mpakani mwa kaunti za Kisumu na Kericho. Sokoni hapa unasikia Dholuo na Kikipsigis kwenye meza moja ya nyanya, na bei inaeleweka kwa lugha zote mbili. Lakini siasa zikichemka, "nani ni wa hapa na nani alikuja" haibaki maneno. Mpaka huu umewahi kuwaka, maduka yakafungwa, watu wakabeba magodoro wakahama. Kwa hiyo hoja ya kuzaliwa siioni kama porojo tu za kwenye simu.

3/ Tuanze na neno lenyewe: halali. Wengi hudhani uhalali wa mtoto ni mambo ya damu. Hebu angalia jirani zetu na sisi wenyewe. Kwa Wajaluo, mjane akirithiwa na shemeji, mtoto anayezaliwa huhesabiwa wa marehemu. Kwa Wakipsigis, mama ambaye hakupata mtoto wa kiume aliweza kuoa mke, na watoto wa huyo mke wakawa wa nyumba yake kabisa, wenye haki ya ng'ombe na shamba.

4/ Hapo damu ya mwenye boma haimo hata tone, na mtoto ni halali. Halafu Wajaluo hao hao wana neno kimirwa, mtoto aliyekuja na mama yake kwenye ndoa, na mara nyingi huyo husukumwa pembeni siku ya kugawa ardhi. Kwa hiyo uhalali ni kanuni ambayo jamii imeiweka. Damu ni damu tu. Shikilia hiyo pointi, itatusaidia huko mbele.

5/ Sasa Zanzibar. Seyyid Said bin Sultan alitawala Oman na Zanzibar mpaka alipofariki tarehe 19 Oktoba 1856, akiwa melini karibu na Ushelisheli. Aliacha watoto 36 walio hai, wa kiume na wa kike. Alikuwa na mke wa ndoa wa ukoo mkubwa, Bibi Azze bint Seif, lakini huyo hakumzalia. Watoto wote 36 walikuwa wa masuria.

6/ Kwa asiyejua, suria alikuwa mwanamke mtumwa aliyewekwa nyumbani na bwana wake. Alinunuliwa. Tusiipambe hiyo. Wengine walitoka Uhabeshi, wengine Circassia, ng'ambo ya Bahari Nyeusi. Mwingereza wa wakati ule akisikia mtoto wa suria, kichwani mwake ni mwanaharamu, hana urithi, hana kiti.

7/ Lakini kwa sheria ya Kiislamu iliyotumika Zanzibar mambo yalikuwa mengine. Suria akimzalia bwana wake, hauzwi tena, na bwana akifa anakuwa huru. Mtoto anazaliwa huru. Baba akimkubali, ni mtoto kamili, anarithi sawa na ndugu zake wa kambo waliozaliwa na mke wa ndoa. Kumbe kwa Zanzibar mwana wa suria alikuwa mwana wa mfalme, basi.

8/ Kwa hiyo mwaka 1856 hakuna aliyeweza kumwambia mwenzake "wewe ni mtoto wa nje." Wote walikuwa sawa kwa hilo. Je, ugomvi ulikosekana? Thubutu! Walitafutana kwa lingine. Mama yako ni Mhabeshi au ni Mcircassia? Bibi Salme, mmoja wa mabinti, aliandika kumbukumbu zake zilizotoka Ujerumani mwaka 1886, na humo anaeleza jinsi nyumba ya mfalme ilivyogawanyika kwa rangi za mama.

9/ Hili ndilo somo la kwanza. Ukiondoa kigezo kimoja cha kuzaliwa, wanaotaka kugombana watapata kingine. Leo ni ndoa, kesho ni kabila la mama, keshokutwa ni shule aliyosomea. Chanzo cha ugomvi kilikuwa mahali pengine. Wapi? Seyyid Said hakuacha kanuni inayoeleweka na wote ya kupokezana kiti.

10/ Alikuwa na mipango, ndiyo. Mwanawe Khalid ndiye aliyetayarishwa kwa Zanzibar, lakini akafariki mwaka 1854. Thuwaini alikuwa Muscat akimshikia baba yake. Majid akabaki Zanzibar. Mfalme alipofia baharini, kila mmoja alikuwa na kipande chake mkononi, na hakuna sheria iliyosema nani ni wa kwanza. Kwao mkubwa wa umri hakuwa mrithi moja kwa moja.

11/ Anaingia mhusika wetu, Seyyid Barghash. Mama yake alikuwa suria wa Kihabeshi. Baba alipokata roho, yeye alikuwa ndani ya meli hiyo hiyo. Kijana hata miaka ishirini ilikuwa ndiyo kwanza. Meli ilipofika Unguja na mwili wa mfalme, akajaribu kuushika mji usiku, kabla watu hawajajua kinachoendelea. Hakupata askari wa kumfuata. Kulipokucha Majid ndiye mwenye Zanzibar.

12/ Majid hakuwa mtu mkali. Alikuwa na maradhi ya kifafa, na wengi walimpenda kwa upole wake. Lakini hakuwa na amani. Mwanzoni mwa 1859 ndugu yake Thuwaini alitoka Muscat na meli na watu waje kumng'oa. Waingereza wakamzuia njiani, akarudi. Weka alama hapo: ni ugomvi wa ndugu wa baba mmoja, na anayesimama katikati ni mgeni mwenye mizinga.

13/ Barghash hakulala. Akakusanya watu. Kwanza ukoo wa Al-Harthi, waliokuwa Zanzibar tangu kabla ya akina Busaidi kutawala huko, na walikuwa na kinyongo cha siku nyingi. Pili, dada zake. Bibi Khole, aliyempenda Barghash sana, na kupitia kwake Bibi Salme, ambaye alikuwa na miaka 15 tu. Salme alikuwa amejifunza kuandika kwa siri, kwa sababu wasichana hawakufundishwa. Akawa karani wa maasi.

14/ Fikiria hilo kidogo. Barua za kuagiza bunduki na kupanga watu zinaandikwa na msichana wa miaka 15, chumbani, usiku. Wanaosema wanawake waliingia siasa za pwani juzi juzi wamsome huyu. Maasi ya 1859 yalisimama juu ya kalamu yake na juu ya pesa na uthubutu wa dada yake.

15/ Siri ikavuja. Majid akaizingira nyumba ya Barghash mjini, chakula na maji yakatike mpaka asalimu amri. Kilichofuata hata mtunzi wa filamu angeogopa kukiandika. Khole na Salme walitoka usiku na msafara wa wanawake, wakawakabili walinzi na kuomba wamwone ndugu yao. Kwa mabinti wa mfalme kusema na askari barabarani ilikuwa jambo la kushtua. Walinzi wakaduwaa, wakawaruhusu.

16/ Barghash akatoka katikati yao, amefunikwa nguo za kike, macho tu ndiyo yanaonekana. Wakapita mbele ya walinzi wale wale. Nje ya mji watu wake walikuwa wanamsubiri. Wakaelekea shamba la Marseilles, mali ya mabinti wawili wa marehemu Khalid. Jina ni la Kifaransa kwa sababu Khalid aliipenda Ufaransa. Wafaransa nao walikuwa upande wa Barghash kimyakimya, kwa kuwa Waingereza walikuwa upande wa Majid.

17/ Sasa hapa ndipo pa kukaza macho. Majid alikwenda na jeshi lake Marseilles, na nyumba ile ilikuwa na kuta nene, haikuanguka upesi. Akategemea msaada wa konseli wa Uingereza, yaani balozi mdogo, jina lake Rigby. Mabaharia wa meli ya kivita Assaye wakashuka na mizinga. Oktoba 1859 ngome ya Barghash ikavunjwa. Watu walikufa pale, na wengi wao walikuwa wafuasi na watumwa ambao majina yao hakuna aliyeyaandika.

18/ Barghash mwenyewe aliponyoka usiku akarudi nyumbani kwake mjini. Safari hii waliomzingira walikuwa Waingereza wenyewe. Akasalimu amri. Akapelekwa Bombay uhamishoni, kwa meli ile ile ya Assaye. Mdogo wake Abdulaziz, mtoto bado, alikataa kumwacha, wakaenda wote. Maasi yamekwisha.

19/ Na dada zake? Majid hakuwaadhibu. Salme baadaye akapatana naye, na kwa kupatana huko akakosana na Khole na Barghash. Mwaka 1861, Canning, aliyeitawala India kwa niaba ya Uingereza, akaamua kesi ya Majid na Thuwaini: Zanzibar na Oman zitengane, na Zanzibar iilipe Muscat riale 40,000 kila mwaka. Ugomvi wa urithi wa familia moja ulikatwa na mtu aliyekaa India.

20/ Wengine mtasema, "Lakini si Majid alikuwa na haki kujilinda?" Labda. Simlaumu kwa kujilinda. Nauliza bei. Mwaka 1859 aliazima mizinga ya jirani ili amshinde ndugu yake. Mwenye mizinga akajifunza kwamba kiti cha Zanzibar hakikaliki bila yeye. Hilo deni halikuisha Majid alipofariki.

21/ Majid alifariki Oktoba 1870, akaacha binti mmoja tu. Na nani akakalia kiti? Barghash! Yule yule muasi, mwana wa Mhabeshi, aliyetoka amevaa nguo za kike. Alikuwa amesharudi kutoka Bombay, na konseli wa Uingereza alikubali. Je, damu yake ilibadilika kati ya 1859 na 1870? Mama yake alibadilika? Hapana. Kilichobadilika ni kwamba sasa mwenye mizinga hakumpinga.

22/ Rudi sasa kwenye hoja ya leo. Ukisikia "hafai kwa sababu ya alivyozaliwa," subiri miaka michache. Upepo ukigeuka, watu wale wale watamwimbia, na hakuna atakayekumbuka mama yake ni nani. Kuzaliwa hutumika kama fimbo ya kumpigia aliyeko nje. Akiingia ndani fimbo inafichwa uvunguni.

23/ Utawala wa Barghash ulikuwa na mengi. Alileta maji ya bomba mjini kutoka chemchemi. Alijenga Beit al-Ajaib, iliyokamilika 1883, na bado watu huipiga picha ingawa imebomoka sehemu. Mwaka 1873, akitishiwa kuzingirwa na meli za Uingereza, alitia sahihi mkataba wa kufunga biashara ya watumwa ya baharini na soko lake. Na Salme, karani wake wa zamani, alipokuja mwaka 1885 kudai urithi wake, alikataa hata kumwona.

24/ Halafu mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikaa Ulaya wakapima mali yake. Wakamwachia visiwa na ukanda wa pwani wa maili 10, kama kilomita 16, kuingia bara. Hakuitwa kwenye meza. Wakenya mnaujua huo ukanda, ndio ule ambao Mombasa, Malindi na Lamu zilihesabiwa ardhi ya Sultani mpaka Desemba 1963. Barghash alifariki Machi 1888, akijua kuwa kiti alichokipigania kimebaki mbao.

25/ Haikuishia hapo. Tarehe 25 Agosti 1896, Sultani Hamad alipofariki, mwana wa Barghash aitwaye Khalid aliingia ikulu akajitangaza. Kufikia hapo Zanzibar ilikuwa chini ya ulinzi wa Uingereza, na hakuna anayekalia kiti bila idhini yao. Walimpa muda atoke. Tarehe 27, saa tatu asubuhi, meli zikaanza kupiga ikulu. Dakika 38 hivi, kwisha. Upande wa ikulu watu takriban 500 waliuawa au kujeruhiwa. Upande wa Waingereza, baharia mmoja alijeruhiwa.

26/ Linganisha baba na mwana. 1859 mabaharia wa kigeni walikuja kumsaidia Sultani. 1896 walikuja kumchagua Sultani. Miaka 37 kati yake. Hakuna hata mara moja katika hiyo miaka ambapo familia, masheikh na watu wa mji walikaa wakaandika: kiti kitapokezanwa hivi, na mgogoro utaamuliwa na hawa. Walikuwa na nafasi, wakaitumia kutafutana kasoro.

27/ Kuna atakayesema, hayo ni mambo ya Waarabu na Waafrika. Twende England basi. Mwaka 1685 Mfalme Charles II alifariki bila mtoto wa ndoa. Alikuwa na mwana wa nje aliyempenda, Duke wa Monmouth, ambaye mama yake aliitwa Lucy Walter. Wafuasi wakaeneza habari kwamba mfalme alimuoa Lucy kwa siri. Mfalme alikuwa ameikana habari hiyo hadharani. Kiti kikaenda kwa mdogo wa mfalme, James II.

28/ Juni 1685 Monmouth akashuka Lyme Regis na watu wachache, wakulima na mafundi nguo wakamfuata kwa maelfu. Tarehe 6 Julai wakapigwa vibaya mahali paitwapo Sedgemoor. Tarehe 15 akakatwa kichwa London. Wafuasi wake mamia wakanyongwa, mamia wengine wakapelekwa visiwa vya Karibi kufanyishwa kazi. Yeye alizikwa na jina. Wao walilipa kwa watoto wasio na baba.

29/ Sasa sikia kilichofuata. Miaka mitatu tu baadaye, huyo James aliye halali kwa kila kipimo cha kuzaliwa alifukuzwa. Bunge likampa kiti mkwewe, William, pamoja na binti yake Mary. Na kisha wakaandika. Sheria ya haki mwaka 1689, sheria ya urithi wa kiti mwaka 1701. Sisemi sheria hizo zilikuwa nzuri zote, maana zilimbagua Mkatoliki waziwazi. Lakini swali la nani atawale likahama kutoka kitandani likaenda bungeni.

30/ Hiyo ndiyo tofauti ninayotaka muione. England mwana wa nje aliasi akashindwa, na ndani ya kizazi kimoja kanuni ikaandikwa. Zanzibar mwana wa suria aliasi akashindwa, kanuni haikuandikwa, na aliyekuwa refa akawa mwenye uwanja.

31/ Na sisi Kenya? Sisi tumeshaandika. Katiba ya 2010, Ibara ya 27(4), inakataza serikali kumbagua mtu kwa misingi kadhaa, na mojawapo ni kuzaliwa. Ibara ya 53 inasema mtoto ana haki ya kutunzwa na wazazi wote wawili, wawe wameoana au hawajaoana. Ibara ya 99, inayotaja sifa za kugombea ubunge, haina mstari unaouliza kama mama yako alilipiwa mahari.

32/ Mjadala haujaisha, najua. Mwaka 2025 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya urithi ya watoto waliozaliwa nje ya ndoa na baba Mwislamu, ikasema wasibaguliwe. Waislamu wengi hawakufurahi, na wana hoja zao za dini ambazo si za kudharauliwa. Lakini ona kitu kimoja: kesi ilisikilizwa, hoja zikatolewa pande zote, uamuzi ukaandikwa. Hakuna aliyehitaji kuita meli.

33/ "Kwa hiyo maisha ya nyumbani ya kiongozi tusiyaguse kabisa?" Hapana, sijasema hivyo. Tofautisha mzazi na mtoto. Mheshimiwa akizaa mtoto halafu akamkana, akakataa hata karo, hilo ni swali halali kabisa, kwa sababu ni jambo alilolitenda yeye, na Katiba inamdai. Lakini yule aliyezaliwa nje hakutenda lolote. Kumuuliza mtoto kosa la baba ni kumpiga aliyeshika kikombe kwa sababu mwingine alimwaga chai.

34/ Na wewe unayesema "huyu ni jadak, alikuja tu," yaani mgeni aliyepewa mahali pa kukaa, jiulize unatayarisha nini. Kule Zanzibar ilianza na maneno ya ndani ya nyumba, mama wa fulani na mama wa fulani. Ikaishia kwa watumwa wa Marseilles waliokufa kwa ajili ya kiti ambacho wasingekikalia hata siku moja. Huku kwetu, wanaoanzisha hayo maneno huwa hawalali Sondu siku moto unapowaka. Wanaolala ni mama wa nyanya na kijana wa bodaboda.

35/ Kwa hiyo, ukiwa kwenye mjadala na mtu akileta hoja ya kuzaliwa, usimtukane. Muulize maswali manne, taratibu.
Moja: kanuni ya kumpata kiongozi inasemaje, na wapi imeandikwa kuzaliwa ni kigezo?
Mbili: huyu akihamia upande wenu kesho, bado utasema hivyo?
Tatu: tukikosana, nani anaamua, na sote tulimkubali lini?
Nne: nani analipia mizinga?

36/ Swali la nne ndilo watu hulikwepa. Siku hizi mizinga haiji na meli. Inakuja kama mfadhili anayelipia mabango, magari na vijana wa kupiga kelele, halafu baada ya uchaguzi anataka zabuni. Majid alishinda kwa mizinga ya kuazima. Barghash alikuja kukaa kwenye kiti kilichokwishawekwa rehani, na mwanawe akaona siku ya kulipa.

37/ Nimemaliza. Hao niliowataja wote ni marehemu na mambo yao yako wazi kwenye vitabu vya historia, kwa hiyo usiende kutafuta humu fumbo kuhusu mtu wako au mtu wa jirani. Mwenye nyongeza au anayepinga aweke hapa chini, ila kwa hoja. Atakayeanza na mama ya mtu, nitamrudisha namba 9. Wiki ijayo tutaongea ile nyingine inayorudi kila mara: nani alichora mipaka ya kaunti zetu, na kwa vigezo gani.